Barakoa Iliyopigwa Pasi

Nesi alikuwa hajamaliza hata kuvua viatu vya kazini aliposikia ndala za mama mkwe wake, Bibi Dobi, zikija upande wa uani. Zilijiburuza taratibu, zikasimama mbele ya shuka kuukuu lililotundikwa kuwa pazia la bafu la nje. Tangu ugonjwa uingie mjini, hapo ndipo alipokuwa akivulia nguo kabla ya kuingia ndani: nguo kwenye ndoo ya klorini, viatu kwenye karai, mwili maji na sabuni mpaka ngozi iwashe. Nyumba nzima ilijua kwamba saa hizo hakuna kumsogelea. Hata bintiye, Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haujui likizo, alikuwa ameshaelewa.

"Mama, rudi nyuma kidogo," alisema Nesi. "Bado sijaoga."

"Nimesimama mbali. Nataka kukuuliza neno moja tu. Umeiona?"

"Nimeona nini?"

"Ala! Kumbe hukuiona? Na wewe una macho ya kutafuta mshipa wa mtoto mchanga!" Bibi Dobi alicheka. "Barakoa yako, mwanangu. Jana ulipokuwa umelala niliichungulia mle kwenye mfuko wa karatasi. Lo! Rangi ya maji ya mtaro. Nikasema, huyu anasimama mbele za madaktari na kitu hiki usoni, si watasema kwao hakuna mtu mzima? Nikaifua. Maji moto, sabuni ya kipande, nikaisuuza mpaka maji yakatoka kama ya kunywa. Nikaianika kivulini, nikatandika kitambaa juu, nikaipitisha pasi ya uvuguvugu. Kisha nikairudisha mfukoni kimyakimya. Nikasema nisimwambie, ataiona mwenyewe."

Nesi alikaa kitako kwenye sakafu yenye maji, soksi moja mguuni.

Barakoa ile haikuwa kitambaa cha kufua. Ilikuwa na nguvu ndani ya nyuzi zake, nguvu isiyoonekana kwa macho, ambayo ndiyo hunasa vidudu. Na sabuni ndiyo kifo chake. Matroni aliyasema hayo akiwa amesimama kwenye korido ya hospitali na mwongozo mkononi. Mwongozo wa kwanza ulisema kila mgonjwa na barakoa mpya. Wa pili ukasema moja kwa zamu nzima. Stoo ilipoanza kuonyesha ubao wa rafu zake, ukaja wa tatu: moja kwa wiki, itunzwe kwenye mfuko wa karatasi ipate hewa, isifuliwe, isianikwe juani, isiguswe na pasi. Wauguzi walisikia, wakaguna, wakaenda kazini. Hakuna aliyekwenda kuusoma mwongozo majumbani mwao, mbele ya mama wakwe waliofulia watu maisha yao yote.

Na wala haikutakiwa kufika nyumbani. Ilitakiwa ilale kwenye kabati lake pale hospitalini. Lakini makabati hayakuwa na kufuli, na barakoa zilikuwa zimeanza kupata miguu, kwa hiyo kila mtu alikuwa akiondoka na yake mkobani. Nesi alimwomba mumewe kufuli tangu mwezi uliopita. Mumewe ni fundi kufuli. Kila siku alijibu, "Kesho, mama Chiriku."

Alikumbuka asubuhi ya leo. Aliitoa mfukoni kwa haraka, kwani mwenzake wa zamu iliyopita alikuwa akipiga kioo cha wodi kwa ndani, hoi, anataka kutoka. Ndiyo, aliiona nyeupe. Alidhani ni taa. Ndiyo, ilinuka sabuni, lakini siku hizi nini hakinuki sabuni? Mpira wake ulikuwa umelegea, akaupiga fundo, akaingia. Akakaa mle mpaka mchana. Yule mzee wa kitanda cha dirishani alipopaliwa, ni yeye aliyemwinua. Mzee akamshika mabega kwa mikono yote miwili na kumkoholea usoni, tena na tena, mpaka akaishiwa pumzi. Alimfumba macho yeye mwenyewe. Muda wote huo alikuwa anajiambia, tulia, umejikinga.

"Umenyamaza," sauti ya Bibi Dobi ilisema. Cheko lilikuwa limeanza kupungua. "Au nimekosea? Nimeiunguza mahali?"

Maneno yalimfika Nesi kwenye ulimi. Alitaka kupiga yowe. Alitaka kumwuliza uliishikaje, kwa mkono mtupu, uliiweka wapi, ulinawa? Lakini aliijua sauti ile ya nje. Ndiyo iliyomwambia siku ya kwanza alipoletwa pale akiwa mke mpya, "Karibu, humu ndani hutafua, kufua ni kwangu." Ukimwambia mtu kama huyo kwamba usafi wake umekuvua nguo mbele ya kifo, umemwachia nini? Na maji yalikuwa ya moto, alijisemea. Kirusi gani kitahimili maji yale?

"Hapana, mama," alisema. "Imetakata sana. Asante."

"Si ndiyo hapo!" alisema Bibi Dobi, na ndala zikaondoka kwa furaha.

*

Kibanda cha Fundi kilikuwa kona ya barabara, funguo zimening'inia ukuta mzima. Nesi alipofika alimkuta mteja amesimama katikati ya barabara, barakoa kidevuni. Mteja alimwona Nesi, akamtambua, akautupa ufunguo wake chini ya meza ya Fundi badala ya kuuweka mkononi.

"Nichongee wa pili kama huo. Utauacha hapo juu ya jiwe, nitakuja kuuchukua."

"Mkono wangu umefanya nini?" aliuliza Fundi.

"Hakuna kitu, fundi. Tahadhari tu. Si mke wako anashinda nao kule?"

Fundi aliinama kuuokota. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umeshatengenezwa kuwa wa kawaida, lakini Nesi alikuwa ameona.

"Kaa mbali nami," Nesi alimwambia mumewe baada ya mteja kuondoka. Alisimama kando ya mtaro, akamweleza yote. Fundi alisikiliza, tupa ya kuchongea funguo ikiwa mkononi, ile tupa ikaanza kugonga meza bila yeye kujua.

"Mama ameifua?"

"Ameifua na kuipiga pasi."

"Na ukaivaa?"

"Nikaivaa."

"Ee Mungu wangu." Alitupa tupa. "Nakwenda kumwambia sasa hivi. Mama huyu! Kila kitu lazima atie mkono! Aliwahi kufua mkanda wangu wa ngozi, unakumbuka? Aliwahi kufua kitabu cha akiba!"

"Humwambii."

"Kwa nini nisimwambie?"

"Kwa sababu nikiugua, atakufa kabla yangu. Mama yako namjua. Mwambie mgonjwa alinikoholea, basi, nami nimejitenga. Hilo si uongo."

Fundi aligeuka ukutani, akaitazama safu ya makufuli makubwa na madogo, mapya na ya zamani, na mabega yake yakashuka.

"Ningekufungia lile kabati..." alisema.

"Ndiyo," alisema Nesi. Hakuwa na nguvu ya kumpooza. "Ungenifungia."

Walikubaliana kwamba Fundi atalala kibandani. Akionekana anatoka nyumbani asubuhi, hata hao wanaotupa funguo chini wasingekuja tena. Nesi angehamia stoo ya nyumba, chumba kidogo chenye dirisha la uani na mlango wa kwenda jikoni. Chiriku angebaki na bibi yake.

"Na mtoto?" Fundi aliuliza. "Uhakika?"

"Mahali pa salama kuliko pote sasa hivi ni kwa mama," Nesi alijibu.

*

Kesho yake alijipeleka hospitalini. Hakuingia ndani, alisimama kwenye dirisha la stoo ambapo mtunza stoo, mwanamume mnene aliyekuwa akikaa nyuma ya nondo, aligawa vitu kana kwamba anavitoa mwilini mwake.

"Naomba barakoa mpya. Yangu imeharibika."

"Mwongozo unasema rudisha ya zamani upewe mpya. Iko wapi?"

Nesi aliuinua mfuko wa karatasi na kuufungua, akamwonyesha kwa mbali. Mtunza stoo alisogeza shingo, akatazama, halafu akaangua kicheko.

"Hii? Hii imeharibika? Hii mbona mpya kuliko zilizomo humu ndani! Jamani njooni muone. Ina mpaka mkunjo wa pasi!"

"Imefuliwa. Ndiyo maana haifai."

"Imefuliwa." Aliligeuza neno mdomoni. "Sikiliza, dada. Ninyi mnazitoa humu, mnaziuza sokoni, mnakuja na hadithi. Barakoa safi kama suti ya bwana harusi, unaniambia haifai? Rudi nayo kazini. Ikichafuka uje."

Wauguzi wawili waliokuwa kwenye foleni walicheka, si kwa ubaya, ila kile kicheko cha watu ambao hawajalala. Mmoja akasema, "Bibi harusi!" na Nesi alihisi masikio yakipata moto. Miaka yote ya kazi, na leo anasimama anaitwa mwizi kwa sababu kwao kuna mtu anayejua kufua.

Matroni ndiye aliyemwokoa. Alitoka koridoni, macho mekundu, akasimama mbali na kumsikiliza mpaka mwisho. Hakucheka.

"Ulikuwa karibu na mzee wa dirishani?"

"Nilimshika mpaka mwisho."

Matroni alifumba macho kidogo. "Mwongozo wa wiki iliyopita ungekurudisha wodini mpaka uanze kuumwa. Wa wiki hii unasema ujitenge. Kwa hiyo shukuru kwamba ni wiki hii." Alimwita mtu wa maabara amchukue kipimo puani palepale nje. "Nyumbani kuna nani?"

"Mama mkwe na mtoto."

"Mama mkwe mtu mzima?"

"Mtu mzima sana."

"Basi usitoke kwenye hicho chumba hata kwa dawa. Pima joto. Na kila asubuhi nusa kitu, sabuni, kahawa, chochote. Nusa na uonje. Mara nyingi huanzia hapo: pua na ulimi vinazima, mtu hana hata homa, anatembea, anacheka, anapika, na anamwaga kwa wenzake. Ukiona kimya puani, nipigie."

"Sawa, matroni."

"Na huyo aliyeifua?"

Nesi alitazama chini. "Alitumia maji ya moto," alisema.

Matroni alikuwa ameshaanza kuitwa na mtu wa ndani. Aliondoka nusu akitembea, nusu akikimbia.

*

Stoo ilikuwa na magunia matupu, ungo, baiskeli isiyo na tairi la mbele na godoro lililokunjika. Nesi aliutundika ule mfuko wa karatasi kwenye msumari, akajifungia komeo. Tangu hapo ulimwengu wake ukawa dirisha na mlango.

Kupitia dirishani aliona mambo. Aliona jirani wa mlango wa pili akihamisha kamba yake ya nguo mpaka upande wa choo ili nguo zao zisipigwe na upepo mmoja. Aliona wenzake Chiriku wakicheza mpira wa matambara, na Chiriku akiwa amesimama pembeni, mkono mdomoni, mpaka mama mmoja akatoka na kusema kwa upole kabisa, "Wewe mtoto wa wodini, nenda kacheze kwenu." Nesi alitaka kupiga kelele dirishani, lakini ukipiga kelele unatema mate, na ukitema mate si umewathibitishia? Alilifunga dirisha. Akauma shuka.

Kila alfajiri alikuwa anaanza kwa kukishika kipande cha sabuni. Alikuwa anakiweka mbali kwanza, anakisogeza taratibu, roho mkononi. Harufu ikimfika, anapumua. Dakika chache baadaye hofu inarudi: je, ni harufu yenyewe au ni kumbukumbu ya harufu? Anashika tena. Akikohoa kidogo kwa vumbi la magunia, kijasho chembamba kinamtoka. Anahesabu pumzi zake. Anamwona yule mzee wa dirishani, mikono yake mabegani, na anafahamu sasa kwamba kila kikohozi kilipita kwenye ile barakoa kama upepo kwenye chandarua kilichochanika.

Chakula hakikupita kooni. Bibi Dobi alikuwa anaweka sahani kwenye kigoda nje ya mlango, anagonga, anarudi nyuma, na Nesi anaikuta baadaye imepoa. Alikuwa anakunywa chai aliyojichanganyia sukari mwenyewe na kumega mkate. Sahani zile alizifunika na kuziacha, kisha akazimwaga kwenye mfuko wa taka, naye akaona aibu, maana katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kuacha chakula cha Bibi Dobi. Mama yule alipika kama alivyofua. Alikuwa na desturi ya kudondosha mchuzi kwenye kiganja na kuulamba, akafikiri kidogo, akatia chumvi ya kubana kwa vidole viwili, basi. Mezani pale kikopo cha chumvi hakikuwa na kazi.

"Hujala tena," Bibi Dobi alisema nje ya mlango.

"Nimekula kidogo, mama."

"Kidogo ndiyo nini? Unanidanganya mimi niliyekuzalia mume?" Kisha akashusha sauti. "Mwanangu, huyo mzee aliyekukoholea, hakufundishwa kuziba mdomo kwao?"

"Alikuwa anakufa, mama."

"Haya. Mungu amsamehe. Lakini usiogope. Kama ulikuwa na ile barakoa safi, hakuna kitu. Uchafu ndio unaoleta maradhi."

Nesi aliegemeza paji la uso kwenye ubao wa mlango. Upande wa pili alimsikia mama mkwe wake akiketi, akivuta karai, akifua. Mikono haikujua kukaa bure.

"Sabuni za siku hizi nazo ni wizi mtupu," Bibi Dobi alinung'unika peke yake. "Zamani ukifungua kipande, mtaa mzima unajua. Hizi hata harufu hazina."

"Bibi, maji," Chiriku alisema.

"Si umekunywa sasa hivi?"

"Nataka tena."

"Chukua kikombe, lakini usininyunyizie hapa."

Nesi alizisikia sauti hizo, zikamtuliza. Hizo ndizo zilizomfanya asilivunje komeo akatoka mbio. Alijiambia, kaa huku, ubaki na sumu yako huku, kule ni salama.

*

Matroni alipopiga simu, Nesi aliitazama ikitetemeka juu ya gunia mpaka ikakaribia kukatika.

"Umekaa?" Matroni aliuliza.

"Niambie tu."

"Huna. Umesikia? Majibu yamerudi, huna kitu. Bado utakaa ndani mpaka muda uishe, mwongozo ni mwongozo, lakini mimi nakwambia kama dada yako, lala usingizi. Sijui umeponaje, na barakoa ile. Umepona."

Nesi alikata simu akalia, kilio cha kelele kisicho na adabu, na Bibi Dobi akaja mlangoni mbio ndala zikipigana.

"Nini? Nini, mwanangu?"

"Sina, mama! Wamesema sina!"

Kigelegele alichopiga Bibi Dobi kilikatikia njiani. Pumzi haikumtosha, akacheka, akasema ni uzee. Chiriku akakimalizia. Jirani wa mlango wa pili alifungua dirisha, akachungulia, akafunga. Nesi alimpigia Fundi simu, na haukupita muda alikuwa uani, jasho linamtiririka, ametoka kibandani bila kufunga mlango wake mwenyewe. Alisimama chini ya dirisha la stoo, akainua kufuli jipya la shaba lenye funguo mbili.

"La kabati lako," alisema. "Ninaapa, ukirudi kazini nakuja nalifunga kwa mkono wangu."

"Tutaona," Nesi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alimtania. "Kesho, siyo?"

"Nisamehe, mama Chiriku."

"Nenda kafunge kibanda chako kwanza, fundi kufuli, wasije wakakubebea mpaka meza."

Alipoondoka, Nesi alihisi kitu alichokuwa amekisahau. Ilikuwa njaa. Ilimpanda kutoka magotini.

"Mama! Nina njaa!"

"Ah!" Bibi Dobi alisema, na furaha yake ikasikika mpaka kwenye sufuria. "Sasa ndiyo maneno. Nakupikia maharage, na wali. Subiri hapo hapo, usiende mahali."

"Niende wapi, mama?"

Walicheka wote wawili, kila mmoja upande wake wa mlango. Nesi alilala chali kwenye godoro akasikiliza chakula chake kikipikwa. Vitunguu vilichacharika, na harufu ikapenya chini ya mlango, akaivuta yote, bila kuipima, bila kuiogopa. Alimsikia Chiriku akihadithia jambo lisilo na mwisho. Kisha mlango ukagongwa, na Nesi akahesabu polepole kumpa mama nafasi ya kurudi nyuma, akafungua kidogo, akaichukua sahani ikiwa bado inafuka moshi, akafunga.

Alichota kijiko cha kwanza kikubwa, cha mtu aliyenusurika.

Chumvi ilimpiga mpaka macho yakatoa machozi. Alishtuka, akameza, na kitu cha kwanza kilichomjia ni furaha. Ninaonja! Ulimi wangu ni mzima! Alicheka peke yake na mdomo umejaa. Akachota cha pili. Hakikumezeka. Alikitema kwenye sahani, akabaki ameshika kijiko hewani, na kicheko kikamfia usoni.

Aliuweka wali ulimini peke yake. Chumvi. Maharage peke yake. Chumvi tupu, kama ya kuhifadhia nyama.

"Mama," aliita.

"Eee. Kitamu?"

"Mama, uliuonja mchuzi?"

"Nimeuonja, mbona? Chumvi ya duka lile, mwanangu, wameichanganya na unga, siku ya ngapi hii. Natia, naonja, hakuna kitu. Natia tena. Nimetia mpaka kikopo kimelia. Bado haijakolea?"

Nesi aliinuka. Aliweka sahani chini kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba kishindo chochote kingeamsha kitu.

"Mama, una sabuni hapo?"

"Sabuni ya nini tena?"

"Inuse."

Alisikia karatasi ya sabuni ikichakarika. Alimsikia Bibi Dobi akivuta pumzi, akavuta tena kwa nguvu, yule mwanamke aliyewahi kutofautisha mashati ya wageni wa hoteli nzima kwa pua tu.

"Nilikwambia," Bibi Dobi alisema polepole. "Sabuni za siku hizi."

"Mama." Nesi alizuia sauti isipasuke. "Siku ile uliyoifua barakoa. Ulianza kwa kuitia maji ya moto?"

"Aa, unaanzaje na maji? Nguo hainuswi kwanza? Utajuaje jasho limekaa wapi? Niliigeuza, nikainusa vizuri nje na ndani, pale palipoganda nikapakwangua kwa kucha. Ndipo nikachemsha maji. Kwa nini unaniuliza?"

"Chiriku yuko wapi?"

"Yuko hapa. Amelala mapajani, namsuka."

Nesi aliuchukua ule mfuko kwenye msumari. Ilikuwa ndiyo barakoa pekee katika nyumba nzima. Mwongozo ulisema asitoke, na Matroni alisema asitoke hata kwa dawa, lakini hakuna aliyesema mtu afanye nini anapojitenga na wazima kumbe amewafungia na ugonjwa. Alivuta komeo. Alijifunga shuka puani, akatoka.

Bibi Dobi alikuwa kwenye mkeka karibu na jiko, miguu ameinyoosha. Uso wake ulikuwa umepauka, midomo mikavu, na alipomwona Nesi alijaribu kunyanyuka kwa adabu, akashindwa, akatabasamu. Chiriku alikuwa amelaza shavu pajani mwa bibi yake, upande mmoja wa kichwa umesukwa, upande mwingine nywele zimesimama.

"Chiriku, inuka. Nenda kakae mlangoni pale."

"Bibi hajamaliza upande huu."

"Inuka!"

Mtoto aliinuka, mdomo umebetuka. "Mapaja ya Bibi yana joto zuri," alisema. "Hata sihitaji shuka."

Nesi aliweka kiganja chake kwenye paji la uso wa mama mkwe, akakiondoa. Hakuhitaji kipimajoto. Bibi Dobi alimtazama machoni, na taratibu, kama maji yanavyopenya kwenye nguo, alianza kuelewa kwamba kuna jambo, ingawa si lote.

"Ni mimi?" aliuliza.

"Tutampigia Matroni sasa hivi. Vaa hii kwanza, mama."

Bibi Dobi aliipokea ile barakoa kwa mikono miwili. Aliigeuza, akaupapasa mkunjo wa pasi kwa kidole gumba, na uso wake ukatulia kidogo.

"Si ndiyo ile niliyoifua?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ni bahati," alisema Bibi Dobi, akiinua kidevu avalishwe. "Bahati niliifua. Ingekuwa chafu kama siku ile, leo ungenivalisha nini?"

Nesi alipiga magoti nyuma yake, akaushika ule mpira uliolegea.

"Ni bahati, mama," alisema, akalikaza fundo.